Juma Ikangaa na Sekunde Moja ya Boston

Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msemo huo unamfaa sana Ndugu Juma Ikangaa, aliyezaliwa Dodoma tarehe 19 Julai, 1957, akawa afisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na mmoja wa wakimbiaji hodari wa marathoni duniani.

Jina lake lilivuma Oktoba 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, Australia. Yeye na Mtanzania mwenzake, Gidamis Shahanga, waliwaacha wenzao mbali. Mwenyeji, Robert de Castella, akawafuata taratibu. Karibu na mwisho akamfikia Ikangaa, wakapokezana uongozi, hata mwenyeji akashinda kwa sekunde 12. Ikangaa akarudi na nishani ya fedha.

Hakuvunjika moyo. Alishinda mbio za Tokyo mwaka 1984 na tena mwaka 1986, na mwaka huo huo akashinda Fukuoka. Lakini jaribu kubwa lilimngoja Boston, Marekani, Aprili 1988. Baada ya kilomita 42 na mita 195, Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia kwa sekunde moja tu: saa 2, dakika 8 na sekunde 43, dhidi ya sekunde 44. Hussein akaandikwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Mwaka uliofuata Ikangaa akarudi pale pale, akawa wa pili tena.

Mpenzi msomaji, ni wangapi miongoni mwetu ambao wangekata tamaa hapo? Yeye alirejea mazoezini. Tarehe 5 Novemba, 1989 alishinda mbio za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akaivunja rekodi ya njia ile iliyowekwa na Alberto Salazar mwaka 1981. Rekodi yake ilidumu hadi mwaka 2001. Boston haikumpa ushindi kamwe. Mwaka 1990 alikuwa wa pili kwa mara ya tatu. Hata hivyo, daima ameshikilia kwamba nia ya kushinda ni bure pasipo nia ya kujiandaa.

Alipoacha kushindana hakuacha riadha. Urafiki aliojenga na Wajapani kwa miguu yake ulizaa tunda jingine: akiwa balozi wa hiari wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, alisaidia kuanzisha mwaka 2017 mashindano ya riadha ya wanawake yaitwayo Ladies First, jijini Dar es Salaam.

Hapo ndipo lilipo funzo kwetu wazazi. Binti anapoomba ruhusa ya kwenda mazoezini, tusimwambie upesi kwamba kukimbia ni kazi ya kaka zake. Tumgawie muda wa kufanya mazoezi, kazi za nyumbani tuzigawe kwa watoto wote. Sekunde moja huonekana ndogo kwetu sisi watazamaji. Mkimbiaji huitafuta kwa miaka.