Chembe ndogo zinazoamua hatima ya seli za insulini

KATIKA kongosho la mwanadamu mna seli ziitwazo beta, ambazo kazi yake ni kutengeneza insulini, homoni inayodhibiti sukari katika damu. Kinga ya mwili inapoziangamiza, mtu hupatwa na kisukari cha aina ya kwanza. Zinaposhindwa kukidhi mahitaji ya mwili usioitikia insulini ipasavyo, hupatwa na aina ya pili.

Wanasayansi wamebaini kwamba uhai wa seli hizo hutegemea pia chembe ndogo mno zinazojulikana kama maikroRNA.

Seli inapotaka kutengeneza protini, hunakili maagizo ya jeni na kuyafanya ujumbe wa RNA. MaikroRNA, ambayo urefu wake ni takriban herufi 22 za kijenetiki, hujibandika kwenye ujumbe huo na kuuzuia usisomwe, au kusababisha uharibiwe. Hivyo basi, protini inayokusudiwa hupungua.

Ya kwanza iligunduliwa ndani ya mnyoo mdogo na Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 1993. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2024.

Kuhusu kisukari, hatua kubwa ilipigwa mwaka wa 2004, wakati watafiti wakiongozwa na Markus Stoffel wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoeleza kazi ya miR-375, maikroRNA iliyo tele katika seli za beta. Walipoiongeza, seli zilitoa insulini kidogo. Walipoipunguza, insulini iliongezeka.

Mtu angedhani kwamba tiba ni kuiondoa kabisa. La hasha! Mwaka wa 2009, utafiti ulionyesha kuwa panya wasio na miR-375 walikuwa na seli chache za beta, na sukari ilipanda katika damu yao.

Kwa hivyo, chembe inayozuia insulini isitoke kupita kiasi ndiyo hiyo hiyo inayoziwezesha seli kuongezeka na kudumu. Hapa ndipo penye ugumu wa kuigeuza kuwa dawa, kwani kuzidi kwake kuna madhara na kukosekana kwake pia.

Hata hivyo, kuna matumaini katika uchunguzi wa mapema. Seli za beta zinapokufa, miR-375 huvuja na kuingia katika damu. Katika panya, imeonekana kuongezeka kabla ya sukari kupanda. Tatizo ni kwamba sehemu nyingine za mwili, yakiwemo matumbo, pia huwa nayo, hivyo si rahisi kujua ilikotoka.

Kufikia sasa hakuna dawa ya kisukari ya aina hii iliyoidhinishwa. Mgonjwa hapaswi kuacha insulini wala tembe alizoandikiwa na daktari.