Maziwa kutoka matitini bila ujauzito: Ishara ya homoni, si ya aibu

MWANAMKE ambaye hana mimba wala hanyonyeshi akiona matone ya maziwa kwenye nguo yake, aghalabu hushikwa na hofu maradufu: hofu ya ugonjwa na hofu ya ndimi za watu.

Msichana wa shule hushukiwa kuwa ameavya mimba. Mke ambaye hajajaliwa mtoto hutazamwa kwa jicho la shaka, na wapo wanaodai kuwa ni kazi ya uchawi.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya wanawake huficha hali hii kwa muda mrefu, ilhali mara nyingi kiini chake huweza kutambuliwa kwa vipimo vya damu na kutibiwa kwa tembe.

Chimbuko ni kichwani

Hali hii, ambayo matabibu huiita galaktorea, aghalabu haianzii kwenye titi. Chini ya ubongo mna tezi ndogo iitwayo pituitari, yenye ukubwa wa punje ya mbaazi. Tezi hiyo ndiyo hutoa prolaktini, homoni inayoamuru matiti yatengeneze maziwa.

Katika siku za kawaida, ubongo huizuia tezi hiyo kwa kemikali iitwayo dopamini, mithili ya breki ya gari. Mama anapojifungua na kunyonyesha, breki hiyo hulegezwa. Jambo jingine lolote likiilegeza, maziwa yanaweza kutoka hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kushika mimba, na hata kwa mwanamume.

Dawa ni miongoni mwa visababishi vikuu. Metoklopramidi na domperidoni, ambazo hutuliza kutapika, huzuia kazi ya dopamini. Ndivyo zilivyo pia baadhi ya dawa za maradhi ya akili kama vile haloperidoli na risperidoni. Methildopa, inayotumiwa kuteremsha shinikizo la damu, huweza kuleta matokeo yayo hayo.

Hata hivyo, mgonjwa hapaswi kuacha dawa kwa hiari yake. Anayeacha ghafla dawa za akili au za shinikizo la damu hujitia katika hatari kubwa kuliko ya maziwa yenyewe. Daktari ndiye anayeweza kumbadilishia.

Aidha, tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikizembea, prolaktini huweza kupanda. Mgonjwa wa aina hii huhisi uchovu na baridi, hunenepa na hufunga choo. Maradhi ya figo nayo huweza kuleta hali hii.

Wakati mwingine uvimbe huota kwenye pituitari yenyewe. Jambo la kutia moyo ni kwamba uvimbe huu, uitwao prolaktinoma, kwa kawaida si saratani. Lakini ukikua, hubana mishipa ya macho, na mgonjwa huumwa na kichwa na kushindwa kuona vitu vilivyo kando yake.

Isitoshe, kuyaminya matiti mara kwa mara ili kuhakikisha kama maziwa yangaliko huyafanya yaendelee kutoka. Mama aliyemwachisha mtoto kunyonya pia huweza kuona matone kwa miezi kadhaa. Hata mtoto mchanga huweza kutokwa na maziwa kwa sababu ya homoni za mamake. Hali hiyo huisha yenyewe, na titi la mtoto halifai kukamuliwa.

Uhusiano na ugumba

Prolaktini inapozidi, huzima ishara zinazoyaamuru mayai ya mwanamke yapevuke. Hedhi huvurugika au hukoma, na mimba haishiki. Katika mwanamume, hamu ya tendo la ndoa hupungua.

Hivyo basi, mke anayelaumiwa kwa utasa huenda anaficha dalili ambayo ingemwelekeza daktari kwenye tiba. Hali hii ikidumu kwa miaka, mifupa nayo hudhoofika.

Wakati wa kuharakisha

Si kila kinachotoka kwenye chuchu ni maziwa. Galaktorea kwa kawaida hutoka katika matiti yote mawili, kupitia matundu mengi. Mtu anapaswa kumwona daktari bila kukawia iwapo majimaji yanatoka katika titi moja tu, yana damu au ni maangavu kama maji, au yanatoka bila titi kuminywa.

Uvimbe kwenye titi, ngozi iliyobonyea au chuchu iliyozama ndani pia si mambo ya kupuuzwa, sawa na mwanamume anapotokwa na majimaji kifuani. Si lazima iwe saratani, ila ni sharti ichunguzwe.

Hospitalini, kipimo cha ujauzito hutangulia. Kisha damu hupimwa kubaini kiwango cha prolaktini na hali ya thairoidi na figo. Katika mwanamke asiye mja mzito, prolaktini kwa kawaida haizidi nanogramu 25 hivi kwa kila mililita ya damu. Ikipita 200, daktari hushuku uvimbe na huagiza picha ya MRI ya kichwa.

Kabagolini na bromokriptini ni dawa zinazorejesha breki ya dopamini, na kwa wagonjwa wengi huunywesha uvimbe bila upasuaji. Anayezitumia akumbuke kuwa anaweza kushika mimba hata kabla ya hedhi ya kwanza kurejea.

Wengine hupatikana na kiwango cha kawaida cha prolaktini, nao aghalabu hawahitaji tiba yoyote.

Mgonjwa anapokwenda kliniki, abebe dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, na aeleze hedhi yake ilikoma lini. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika jambo hili, methali hiyo ni kweli tupu.