Fahamu: Kwa nini Wafilipino waliikataa Hispania

Jumatatu ya mwisho ya Agosti, Ufilipino huadhimisha Siku ya Mashujaa. Inakumbusha Agosti 1896, pale wanaume waliokusanyika nje kidogo ya Manila walipotoa mifukoni vyeti vyao vya kodi na kuvichana vipande vipande mbele ya kiongozi wao wa mapinduzi, Andrés Bonifacio. Bila cheti hicho mtu alihesabiwa mkosaji. Kukichana kulikuwa kuukana utawala wa zaidi ya miaka 300.

Hasira ilikuwa imejaa mashambani. Mashirika ya watawa yalimiliki ardhi kubwa, na wakulima waliwalipa kodi ya shamba watawa hao hao waliowatawala kanisani. Walipogoma katika mji wa Calamba walifukuzwa, familia ya mwandishi José Rizal ikiwemo.

Lakini jeraha ambalo halikupona, kwa maoni yangu, ni la 1872. Wafanyakazi wa ghala la silaha la Cavite walifutiwa msamaha wa kodi na kazi za shuruti, wakaasi Januari. Mwezi uliofuata mapadri watatu, Gomez, Burgos na Zamora, walinyongwa hadharani kwa uasi ambao hawakuuongoza. Walichokuwa wamedai ni mapadri waliozaliwa visiwani wapewe parokia. Rizal alikuwa na miaka 10. Riwaya yake ya 1891 aliitoa kwa heshima yao.

Wasomi wa kizazi chake waliomba kwanza viti katika bunge la Madrid na usawa mbele ya sheria. Hawakupewa. Julai 1892 Rizal alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Dapitan, na siku hizo hizo Bonifacio na wenzake wakaunda chama cha siri, Katipunan.