Mpe Mtoto Maneno Kabla ya Daftari

Wazazi wapenzi, kila mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa twahangaika kutafuta daftari, kalamu na sare. Ni vema. Lakini liko hitaji moja lisilouzwa hata katika soko la Kingalu pale Morogoro mjini, nalo ni maneno.

Mimi nilizaliwa milimani Uluguru. Siku yangu ya kwanza darasani mwalimu aliniambia, "Lete ufagio." Nikaleta jembe. Wenzangu walicheka sana, nami nikanyamaza karibu muhula mzima. Ufagio niliujua, maana nilifagia uwanja kila asubuhi. Ila nyumbani tuliuita kwa Kiluguru tu. Basi nikadhaniwa mjinga.

Wako wazazi ambao, kwa kuogopa aibu hiyo, humkataza mtoto Kiluguru na kumsemesha Kiswahili kidogo cha "njoo", "kaa", "lete kile". Hiyo si dawa. Mtoto huyo hukosa huku na huku. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto aliyekwisha kujua kitu kwa lugha ya mama yake, kazi iliyobaki ni kukipa jina la pili. Semeni naye sana kwa lugha mnayoijua barabara, kisha mwongezeeni Kiswahili.

Kazi hii haitaki fedha wala saa ya pekee. Mama, utwangapo, mwambie mtoto: huu ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali, punje zilizovunjika ni chenga, na maganda ni pumba. Zao moja, majina matano! Baba, ukienda kukata ndizi, mwonyeshe mgomba, mkungu, chane na ndizi yenyewe. Nanyi wa Mgeta mnaolima njegere, mtajieni mbegu, mche, ua, ganda na punje. Usiseme, "Lete kile." Sema, "Lete ungo mkubwa ulio nyuma ya kinu."

Mtoto akiuliza, usimwambie, "Nyamaza." Akikosea akasema, "Kuku imelala," usimcheke. Mjibu tu, "Ndiyo, kuku amelala." Atasikia, na kesho atasema sawasawa.

Jioni, baada ya sala, mkiota moto, bibi na atege vitendawili. Mjomba naye, ambaye kwetu Waluguru ana sehemu kubwa katika malezi, na atoe hadithi. Ikiisha, mwulizeni mtoto: "Sungura alifanya nini? Kwa nini?" Mwacheni asimulie mwenyewe, hata akikawia.

Samaki mkunje angali mbichi. Anzeni wiki hii: neno moja jipya kila siku, kwa Kiluguru na kwa Kiswahili. Mwaka ukiisha, mtoto atakuwa na maneno mapya zaidi ya 300. Na siku atakapoambiwa darasani, "Lete ufagio," ataleta ufagio, wala hapana atakayemcheka.