Majivu, Magadi na Nafasi ya Potasiamu katika Jedwali Radidia

Katika Ilongero, wilayani Singida, hulimwa alizeti, ambayo majivu ya mabua yake yana potasiamu nyingi. Magadi yanayotiwa katika maharage nayo ni chumvi ya sodiamu. Humphry Davy alizitenga elementi hizi mbili kwa umeme mwaka 1807. Alama ya potasiamu, K, inatokana na neno kalium, lenye asili ya Kiarabu kwa maana ya majivu ya mimea. Mwanafunzi aliyesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi huikuta K katika Kiingereza cha sekondari na kuikariri tu, ilhali majivu yenyewe yamo jikoni kwao.

Kwa nadharia ya John Dalton ya mwaka 1808, atomi za kila elementi zina uzani wake. Dmitri Mendeleev alizipanga elementi kwa uzani huo mwaka 1869, akabaini tabia zinajirudia. Ndiyo maana ya radidia. Argoni, iliyogunduliwa mwaka 1894, ilivuruga mpangilio: uzani wake ni 39.95, wa potasiamu 39.10. Kwa uzani pekee, potasiamu ingetangulia na kutengwa na sodiamu.

Mwaka 1913 Henry Moseley alionesha kwa eksirei kwamba kigezo ni chaji ya kiini cha atomi: argoni 18, potasiamu 19. Hivyo potasiamu hukaa chini ya sodiamu, kila moja ikiwa na elektroni moja katika tabaka la nje; na maji ya majivu, kama magadi, hulainisha maharage.