Alama si Kipimo: Kamshafti Ipimwe Kabla ya Injini Kuwashwa

Katika miji yetu ya majani chai, kuanzia Kericho, Litein na Kapkatet hadi Sotik na Bomet, si ajabu kusikia gari kuukuu likinguruma kana kwamba linajiandaa kwa mashindano. Vijana huing'oa kamshafti iliyotoka kiwandani na kutia ile waiitayo kali, yaani yenye nundu zinazoinua valvu juu zaidi na kuziacha wazi kwa muda mrefu zaidi. Siwalaumu. Kericho ndiko alikozaliwa marehemu Joginder Singh mnamo 1932. Alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa, akashinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tamaa ya mwendo ni ya kale huku.

Swali ninalotaka kulijadili leo ni hili: fundi anapofunga kamshafti ya aina hiyo, je, atosheke na kulinganisha alama zilizotiwa kwenye magurudumu ya cheni, au ni lazima apime? Wengi husema alama zatosha, na kupima ni kupoteza wakati. Mimi nasema apime, tena mwenye gari asikubali injini iwashwe kabla ya kuonyeshwa vipimo.

Msomaji atauliza mwalimu wa isimu anatafuta nini chini ya boneti. Jibu ni kwamba niliponzwa na neno moja. Nilikuwa na Datsun 160J, gari lililopendwa sana nchini baada ya marehemu Shekhar Mehta kuanza mwaka 1979 mfululizo wake wa ushindi mara nne katika Safari. Niliipeleka kwa fundi mmoja ikachongwe uso wa silinda hedi na kutiwa kamshafti kali. Kazi ilipokwisha nikamwuliza, "Umepima taimingi?" Akanijibu, "Nimepima, mwalimu, iko sawa." Nikalipa, nikaondoka nikiwa na furaha ya mtoto.

Furaha hiyo ilikoma nilipovuka mto Chemosit na kuanza kupanda kuelekea Litein. Gari lililokuwa likipanda kwa giya ya tatu sasa lilitaka ya pili, na nyuma yangu trekta lililobeba majani mabichi lilikuwa likinikaribia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimetumia petroli nyingi na kupata nguvu kidogo.

Fundi wa pili, mzee mpole asiye na maneno mengi, hakuigusa injini kabla ya kuniuliza, "Mwalimu, ni taimingi gani iliyopimwa, ya moto au ya valvu?" Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Fundi wa kwanza hakunidanganya. Alikuwa amepima wakati wa cheche ya plagi, akaniambia ukweli mtupu. Mimi nilikuwa nikiuliza wakati wa valvu. Neno moja lilibeba maana mbili, na kila mmoja wetu akashika yake.

Yule mzee alifunga kwenye kranki sahani iliyogawanywa nyuzi 360, akakunja waya kuwa mshale, akaweka geji ya saa juu ya valvu ya kuingizia hewa. Kwanza alitafuta mahali hasa pistoni inapofika kileleni, bila kuiamini alama ya puli. Kisha akaizungusha injini kwa mkono. Valvu ilipokuwa imebakisha milimita 1 kufika kimo chake cha juu, sahani ilionyesha nyuzi 82 baada ya kilele cha pistoni. Ilipokwisha kushuka milimita 1, ilionyesha nyuzi 150. Jumla ni 232, na nusu yake ni 116. Karatasi iliyokuja na kamshafti ilisema 108. Nundu ilikuwa imechelewa kwa nyuzi 8, ilhali alama zote zililingana vizuri kabisa!

Inawezekanaje? Kamshafti huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili, nayo huendeshwa kwa cheni au mkanda. Alama humwambia fundi gurudumu limekaa wapi. Hazimwambii valvu inafunguka lini. Cheni ikichakaa hurefuka, na kamshafti huchelewa. Hedi ikichongwa, kamshafti iliyo juu yake husogea karibu na kranki, nayo huchelewa vilevile. Kamshafti iliyochongwa upya yaweza kukosewa kwa nyuzi kadhaa katika karakana ilikochongwa. Makosa hayo madogo hujumlishwa. Kwa bahati, gurudumu la kamshafti la injini ile lina matundu matatu, na kila tundu husogeza kamshafti kwa nyuzi 4 za kranki. Mzee alilihamisha kutoka tundu la kwanza hadi la tatu, akapima tena, akapata 108.

Katika nchi yetu ya milima jambo hili lina uzito wa pekee. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban sehemu moja kwa tano ikilinganishwa na Mombasa. Injini imekwisha kunyang'anywa nguvu kabla hata hujaigusa. Kamshafti kali nayo huchelewa kuifunga valvu ya kuingizia, hivyo injini inapozunguka polepole, sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli husukumwa nje ilikotoka. Ikifungwa kwa kuchelewa zaidi ya ilivyokusudiwa, hasara hiyo huongezeka. Kwa kijana anayecheza na gari lake Jumapili ni aibu tu. Kwa mwenye pikapu inayosubiriwa na wakulima katika kituo cha kununulia majani, ni riziki. Majani yaliyokwisha kuchumwa hayangoji.

Fauka ya hayo, kuna hatari ya kuvunja injini yenyewe. Valvu ikiinuliwa juu zaidi huweza kugongana na pistoni. Kamshafti ikichelewa, valvu ya kutolea moshi ndiyo hukaribia pistoni; ikitangulia, ni ile ya kuingizia. Mafundi wa injini za mashindano hutandaza udongo laini juu ya pistoni, huizungusha injini kwa mkono, kisha huukata udongo na kupima unene wake. Wengi wao hutaka angalau milimita 2 kwa valvu ya kuingizia na 2.5 kwa ya kutolea. Udongo wa kuchezea watoto haulingani na bei ya hedi mpya.

Sikatai kwamba kuna wakati alama hutosha. Injini ambayo haijachongwa popote, yenye kamshafti, cheni na magurudumu yale yale ya kiwandani katika hali njema, inaweza kufungwa kwa alama na ikaenda miaka mingi. Alama ni mapatano kati ya aliyeichora na anayeisoma, na mapatano hayo hudumu maadamu vitu vilivyokubaliwa havijabadilika. Anayetia kamshafti ya mtengenezaji mwingine katika hedi iliyochongwa ameyavunja mapatano hayo kwa mkono wake mwenyewe. Atawezaje kuitegemea alama ya jana?

Wapo wasemao kwamba vifaa ni ghali. Geji ya saa hununuliwa, ni kweli, lakini mafundi kadhaa wa mji mmoja wanaweza kushirikiana. Sahani ya nyuzi huweza kukatwa kwa bati na kuchorwa kwa kipimapembe cha mwanafunzi. Cha kuzuia pistoni ili kutafuta kilele chake hutengenezwa kwa plagi kuukuu na bolti. Mafundi wetu wa jua kali wameunda mambo makubwa kuliko hayo. Kinachokosekana ni mazoea ya kupima, na mteja wa kuyadai.

Ndiyo maana nawaomba wateja wenzangu tuache kuuliza swali la jumla kama nililouliza mimi. Tuseme "taimingi ya moto" tunapotaka habari za cheche, na "taimingi ya valvu" tunapotaka habari za kamshafti. Kisha tuombe nambari: karatasi inasema ngapi, na sahani imeonyesha ngapi? Fundi aliyepima hatakasirika, maana jibu analo. Asiyepima atakwambia alama zimelingana. Hapo mwambie, kwa heshima, kwamba utangoja apime. Kuuliza si ujinga.