Mfanyakazi Wako Amechoka, au Anangoja Mshahara?

Ni tarehe 4. Msusi amefika saluni mapema kama kawaida, lakini leo mikono ni mizito. Simu ameiweka karibu na kioo, na kila ikilia anaichungulia. Mwenye nyumba ameshapiga mara mbili. Mteja akiuliza kama rasta zitakwisha kabla ya saa kumi, anajibiwa kwa mkato. Bosi anaguna: "Huyu siku hizi amekuwa mvivu."

Pengine si uvivu. Pengine mshahara wa mwezi uliopita haujaingia.

Wengi wetu ni waajiri bila kujiita hivyo. Una kijana dukani, dada anayekusaidia nyumbani, au vibarua wawili shambani. Ukimlipa mtu kwa kazi yake, wewe ni bosi, na jinsi unavyomlipa inagusa usingizi wake, afya yake na nguvu anazokuja nazo asubuhi.

Mwaka 1959, mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa wahandisi na wahasibu wapatao 200 kule Pittsburgh. Waliona kwamba mambo yanayompa mtu moyo, kama kufanikisha kazi, kutambuliwa na kuaminiwa, si yale yale yanayomvunja moyo. Mshahara waliuweka zaidi upande huu wa pili. Yaani, ukiwa na kasoro humkera mtu kila siku. Ukiwa sawa, humwachia nafasi ya kuifikiria kazi yenyewe.

Hata sheria inajua hilo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa kutwa alipwe siku ikiisha, na wa mwezi alipwe mwezi ukiisha. Pia inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi baada ya miezi 12.

Basi ufanyeje, na biashara yenyewe ni ya kusukuma tu?

Tenga mshahara kila siku. Tuseme unamlipa shilingi 18,200 kwa siku 26 za kazi. Hiyo ni 700 kwa siku. Jioni ukifunga, iweke kando kabla hujagusa faida. Kutafuta 700 leo ni rahisi kuliko kutafuta 18,200 tarehe 30.

Tuma zote mara moja. Elfu mbili leo na elfu tatu Ijumaa ni ada juu ya ada, na mwenzako hawezi kupanga chochote. Ukiweza, ongeza na ya kutolea, ili alichokifanyia kazi kimfikie kamili.

Hakiki jina kabla ya kuweka PIN, kisha hifadhi ujumbe. Ujumbe huo unaonyesha kiasi na tarehe, na mkibishana kesho utawasaidia nyote wawili.

Ukikwama, sema mapema. "Ngoja kidogo" inachosha kuliko habari mbaya. Mwambie utamlipa kiasi gani na siku gani, naye aongee na mwenye nyumba akiwa na jibu mkononi.

Mshahara ukishaingia, usiishie hapo. Asante hailipi nyumba, lakini mshahara nao hausemi asante. Mwandikie: "Yule mama wa Jumamosi amerudi, na amekuulizia wewe." Maneno hayo hayazidi mstari mmoja, ila yanamwambia kwamba kazi yake imeonekana.

Mwezi huu jaribu hivyo. Tarehe 30 simu iliyo karibu na kioo italia mara moja, msusi ataichungulia, ataiweka mfukoni, na ataendelea kusuka.